Swali Lililokwama Foleni ya Wageni

Haya, wajukuu zangu, tegeni masikio niwategee kitendawili. Mlinzi wangu hana macho, hana mdomo, hana hata fimbo, lakini akikaa mlangoni anajua nani apite mbio, nani apite polepole na nani akae chini asubiri. Nani huyo?

Mbwa? Mbwa ana macho, tena ya kukodoa. Taa za barabarani? Umekaribia, wewe wa nyuma, lakini taa hazijui nani anapita. Kwazo mwenye homa na mwenye kwenda kutembea ni mamoja. Mmeshindwa, nipeni mji. Ahsanteni. Nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi na jibu: ni sanduku la mtandao. Lile la chuma, lenye utitiri wa waya na vitaa vya kijani vinavyokonyeza kama vijana mbele ya duka.

Na aliyemfundisha kazi mlinzi huyo ni binti mmoja, fundi wa mtandao wa hospitali kubwa, waliyemwita Foleni. Jina halikutoka mbali. Tangu mdogo alipenda kila kitu kiende kwa zamu. Wageni wakija kwao, wakati wenzake wanakimbilia maandazi, yeye yuko mlangoni anapanga viatu kwa ukubwa. Mama yake akisema, "Huyu mtoto atakuja kuwapanga hata kuku." Hakuwapanga kuku, alipanga mtandao, na kuku wana nafuu.

Asubuhi moja mganga mkuu alimjia amevimba mashavu.

"Foleni, jana tunamwonyesha bingwa wa moyo picha ya mgonjwa, bingwa yuko huko mbali anatutazama, mara picha ikaganda. Imeganda kama ya ukutani! Unajua kwa nini? Kwa sababu sebuleni pale watu wazima wanatazama mpira kwa mtandao wetu!"

"Nani alishinda?"

"Foleni!"

"Nimeuliza tu, daktari. Leo hii hii nitaweka kanuni."

Akaingia chumba cha mitambo, chumba chenye baridi ya kugandisha kope, akavaa sweta lake lililotoboka kiwiko, akaketi kwenye kiti cha magurudumu. Akaanza kumwandikia mlinzi amri. Simu na picha za madaktari zitangulie. Picha za eksirei zifuate. Kazi za ofisi zifuate nyuma yake. Wageni wote, tone kwa tone, kama bomba la kiangazi. Akasoma, akaipenda kazi yake, kisha akakumbuka: lo, na wagonjwa waliolala wodini, wanaotumia mtandao wa wageni kuwaambia watu wao "leo nimekula"? Hao ujumbe wao upite bila kusumbuliwa. Akaongeza kanuni hiyo mwishoni kabisa, chini ya nyingine zote. Akachukua simu yake ya kazini, akajitumia salamu. Salamu ikaruka kama panzi. Akasukuma ukuta kwa mguu, kiti kikazunguka naye mara mbili tatu, akicheka peke yake.

Sasa niwaambie jambo ambalo yeye hakulijua, maana mkikaa nalo gizani kama yeye mtanichukia.

Juu, wodi ya mifupa, alilala fundi paa mmoja waliyemwita Mabati, mguu wake umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba kama nguo inayokaushwa. Huyu na Foleni walijuana kwa ugomvi. Paa la chumba cha mitambo lilivuja, akaletwa Mabati kuliziba, na Foleni akawa anampigia kelele kutoka chini: "We bwana, unaziba au unatoboa?" Naye juu: "Dada, mvua haijui kupanga foleni, nifanyeje?" Wakazoea kutupiana maneno hivyo, hata paa lilipokwisha kupona Mabati akawa bado anapanda kulikagua. Siku moja alimpungia mkono akiwa kwenye ngazi, akasahau kwamba mkono ule ndio ulioshika ngazi. Tangu hapo kila adhuhuri Foleni alipanda wodini kumcheka na kumletea chungwa.

Lakini siku hiyo ya kanuni, hakupanda. Kazi ilimmeza. Na ndiyo siku ambayo Mabati aliruhusiwa kurudi kwao, mbali, akaugulie mguu kwa shangazi yake mpaka upone. Shangazi angekuja kumchukua alasiri na gari la jirani. Basi asubuhi ile Mabati akajikaza kiume, akasafisha koo, akairekodi sauti yake kwenye simu, wodi nzima ikimsikiliza imeziba pumzi:

"Foleni, nikishuka kwenye kitanda hiki, nataka kuezeka nyumba moja tukae mimi na wewe. Niezeke?"

Akabonyeza kutuma. Wodi ikapiga makofi. Babu wa kitanda cha pembeni, aliyevunjika nyonga, alipiga makofi mpaka nesi akamkataza.

Na sauti ile ikafika mlangoni kwa mlinzi asiye na macho, naye akasema: mgeni, kaa hapo.

Wacheni kucheka. Si ndiyo asili ya mlinzi yule? Husoma kanuni kuanzia juu kwenda chini, na akikuta ya kwanza inayokuhusu, huishia hapo hapo; ya chini yake haisomi hata ukimbembeleza. Alikuta "wageni wote, tone kwa tone". Ile nzuri, ya wagonjwa, ilikuwa chini inapiga miayo.

Habari za mdomo hazina mlinzi, hizo zilipita. Manesi walishuka nazo ngazi, wafuaji wakazipokea, jikoni zikatiwa chumvi. Foleni alipotoka kutafuta chai, mfuaji akamkumbatia na shuka za watu mkononi.

"Mwanangu, umeshajibu?"

"Nimejibu nini, mama?"

"Aa, haya. Jifanye."

Jikoni mpishi akamwekea sukari bila kuombwa, akamtazama kama mama anayetazama mtoto aliyetembea hatua ya kwanza. "Kijana mzuri yule," akasema. "Mguu utapona. Tatizo la mguu si tatizo la moyo."

"Mpishi, umelala leo?"

"Mimi nimelala. Wewe ndiye unayemkesheza mtu mchana kweupe."

Foleni akarudi na chai yake amekunja uso. Wamekula nini leo watu hawa? Hakuna aliyemwambia wazi, kwa maana wote walikubaliana: swali la namna hiyo halibebwi na mdomo wa mtu mwingine.

Saa zikayoyoma. Juu, Mabati akatuma la pili: "Au nimekuudhi?" La tatu: "Nilitania." La nne: "Sikutania, nimedanganya kwamba nilitania." Yote yakaenda kukaa mlangoni, moja nyuma ya jingine, kwa adabu ambayo Foleni mwenyewe angeisifu. Na la mwisho, shangazi alipokwisha kuingia wodini na kuanza kukunja blanketi: "Kama jibu ni hapana, usiseme kitu, nitaelewa. Sitakusumbua tena maishani."

Ndipo mlango wa chumba cha mitambo ulipofunguliwa bila hodi. Metroni. Mwanamke mpana, mwenye viatu vinavyolia kabla yake.

"Wewe! Wagonjwa wangu wanatuma ujumbe hautoki!"

"Unatoka, mama. Nimepima mwenyewe."

"Umepima kwa simu ipi?"

"Yangu."

"Yako ya kazini."

"Ndiyo, ya ka..."

"Nikuulize, mwanangu. Ulipopima, ulikuwa nani? Mpishi wa hoteli akionja chakula kwenye sahani yake, atajuaje mgeni anakula nini?"

Foleni akaitazama simu mkononi mwake. Akatoa simu kwenye mtandao wa kazi, akaiingiza kwenye ule wa wageni, akajitumia salamu ile ile. Kigurudumu kikazunguka. Kikazunguka. Metroni akavuta kiti, akakaa, akakitazama naye. Kikazunguka.

"Kinyozi hajinyoi," akasema Metroni.

"Mama yangu!" Foleni akaurukia ubao wa herufi. Akaisoma orodha kutoka juu, kama mlinzi anavyoisoma, na kosa likamkodolea macho. Akaichukua kanuni ya ujumbe wa wagonjwa kutoka kule chini, akaipandisha juu ya ile ya wageni, akabonyeza.

Wajukuu zangu, mmeona mbuzi wakifunguliwa zizi asubuhi? Simu yake ya pili, ile ya nyumbani iliyokuwa mfukoni mwa sweta, ikalia. Ikalia tena. Ikalia mfululizo mpaka ikatembea yenyewe mezani alipoiweka. Akabonyeza sauti ya kwanza, na chumba kile cha baridi kikajaa sauti ya Mabati, na nyuma yake makofi ya wodi nzima, na nesi akimwambia babu, "Mzee, nyonga!"

Akasikiliza. Akasoma la pili, la tatu, la nne. Akacheka, akajishika kichwa, akacheka. Halafu akalifikia la mwisho.

Kama jibu ni hapana, usiseme kitu.

"Metroni," sauti yake ikatoka nyembamba kama uzi. "Tangu asubuhi nimekaa kimya."

"Ndiyo."

"Anadhani nimekataa."

"Na shangazi yake amekwisha kumvika soksi. Moja, maana mguu mmoja ndio unaovikika. Unangoja nini, nikupigie ngoma?"

Akapiga simu, ya Mabati imezimwa. Akapiga mbio. Kiti cha magurudumu kilibaki kikizunguka nyuma yake.

Penye lifti palikuwa na msururu: wenye magongo, wenye maua, mwanamke na mtoto mwenye bandeji kichwani kama yai. Na Foleni, aliyepanga viatu tangu utotoni, ambaye hajawahi kumtangulia mtu hata kwenye choo, alipita katikati yao kwa mabega.

"Jamani, dada, kuna foleni!"

"Ninajua, jina langu hilo! Nipisheni, mimi ni dharura!"

"Dharura gani, mbona unacheka?"

"Ndiyo hiyo hiyo!"

Mwendesha lifti, aliyekuwa na habari tangu asubuhi kama wengine, akaufunga mlango mbele ya pua za watu. "Hamna haja ya kupanda, dada. Wameshuka sasa hivi. Wako uani." Akaufungua tena. Foleni akatoka mbio kwa njia ile ile aliyoingilia, akiomba radhi kwa kila bega.

Uani, gari la jirani lilikuwa limeshawashwa. Mabati amelazwa nyuma juu ya godoro, mguu wa plasta umetokeza nje kama nguzo ya hema, na shangazi ameufungia kitambaa chekundu nchani ili magari mengine yauone. Mabati amejifunika kofia usoni. Dereva akaachia breki.

"Simama!"

Madirishani kote vichwa vikachomoza. Wafuaji, wapishi, manesi. Na kule juu babu wa nyonga alikuwa amegeuziwa kitanda.

Foleni akaushika mguu wa plasta kwa mikono miwili, kana kwamba gari lisingeweza kuondoka na mguu huo, naye akiwa ameushika.

"Nani huyo?" akauliza shangazi.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ndiye niliyekaa kimya."

"Marahaba. Na mbona ulikaa kimya, mwanangu? Mtoto wangu hakugusa hata uji."

"Nilimfungia nje mwenyewe, shangazi. Kwa mkono wangu. Nilimwandika mgeni."

Kofia ikateremka kidogo. Jicho moja likachungulia, jekundu, halafu la pili.

"Umelipata?" akauliza Mabati.

"Sasa hivi. Yote. Na lile la kwamba hukutania lakini ulidanganya kwamba ulitania."

"Lile lisahau."

"Nitalisahau siku nikifa."

"Basi?" Akajiinua kwa viwiko, kofia ikaanguka. Dereva akazima gari. "Niezeke?"

Foleni akavuta pumzi, sweta limemteremka bega moja, nywele zimesimama upande.

"Ezeka," akasema. "Lakini uniachie tundu la kupitishia waya."