Mkono Chini ya Blanketi

Ngongoti alikuwa na adabu kupita kiasi kwa mtu mgonjwa. Ungemwuliza hali huku jasho la maumivu linamtiririka, angekujibu nzuri, tena angekuuliza na ya nyumbani kwako. Jina la Ngongoti alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu ya urefu. Alikuwa fundi rangi, na vyumba vingi alivimaliza bila kupanda ngazi. "Mimi na dari ni majirani," alizoea kusema. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia, na kazi zao zilifuatana: mume akimaliza kuta, mke anaingia kupima madirisha. Waliishi hivyo miaka mingi, na hawakuwa na ugomvi na mtu.

Ugonjwa ulianza kama masihara. Akitembea kidogo miguu inakuwa mizito, akikaa kidogo inarudi. Basi watu wakapata cha kuchekea. Shemeji yake akamwambia mafuta yamekauka kwenye magoti, aende gereji. Zahanati wakampa vidonge vya mgongo. Mwingine akamfunga mkanda kiunoni, mwingine akamwambia aache kuinama, utadhani mtu wa urefu ule angeweza kupita mlango wowote bila kuinama. Mambo yakaenda hivyo mpaka siku moja, akiwa kazini na brashi mkononi, alijikojolea. Yeye mwenyewe hakujua. Alijua pale alipoona wenzake wote wanatazama pembeni.

Hapo ndipo mkewe alipopiga moyo konde na kumpeleka hospitali kubwa. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu waliyempata alikuwa mtu wa watu, na hilo ndilo lililowaponza. Kitanda hakikuwepo, akakitafuta yeye mwenyewe wodi kwa wodi. Siku ya kupigwa picha ya mgongo ya MRI wahudumu hawakuonekana, akakisukuma kiti cha mgonjwa kwa mikono yake. Kisha akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho mke yule hakuwahi kuona daktari akikifanya, akawaeleza kwa lugha ya kueleweka.

"Uti wa mgongo umevimba kwa ndani, mzee wangu. Magonjwa yanayofanya hivi ni machache na yanafanana. Nadhani mwili unajishambulia wenyewe. Nitakuwekea dripu ya kupunguza uvimbe, kila asubuhi. Sasa sikiliza: ukiona badiliko lolote, zuri au baya, niambie. Mimi siwezi kuingia ndani ya miguu yako."

"Nitakwambia, daktari," alisema Ngongoti, na wakati huo alikuwa bado anakwenda chooni mwenyewe, akishika ukuta.

Dripu ya kwanza iliingia vizuri. Mchana huohuo alianguka magoti mlangoni pa choo, mkewe na mfanya usafi wakamrudisha kitandani kwa kumkokota. Jua lilipozama mguu wa kushoto ulikuwa haumsikii tena. Ganzi iliyokuwa kwenye nyayo ikawa imepanda mpaka kiunoni.

"Kesho umwambie," mkewe alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umezidiwa, baba watoto. Nini kingine?"

"Mtu amehangaika na mimi kama ndugu yake wa tumbo moja, halafu dawa ya siku ya kwanza tu nimwambie mbovu? Dawa kali huanza kwa kukulaza. Tumpe nafasi mtu wa watu."

Mke akamfunika miguu blanketi. Hasira alikuwa nayo, lakini ile hasira ya kumkasirikia mgonjwa, ambayo mtu huimeza.

Asubuhi daktari alikuja na kundi la madaktari wanafunzi, wamevaa makoti meupe yaliyonyooshwa. "Umeamkaje, mzee wangu?"

"Salama, daktari. Habari za kwako?"

"Nzuri. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri. Tunashukuru sana."

Daktari akamgeukia mke. "Mama, kweli?"

Alifungua mdomo. Mumewe alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba, yale macho ya mtu anayesema usiniaibishe mbele za wageni. "Anaendelea, daktari," alisema. "Hajambo."

"Hebu inua mguu huu wa kushoto nione."

Mke alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, mikono yake ikiwa chini ya blanketi. Tangu alfajiri alikuwa anaisugua miguu ile. Alimwona mumewe akijikusanya: mishipa ya shingo ikamtoka, midomo ikabana, kidevu kikaanza kutetemeka. Mguu ulilala tu kama wa mtu mwingine. Wanafunzi wote walikuwa wanautazama, mmoja kashika kalamu tayari kuandika. Mke hakufikiri. Angefikiri asingefanya. Mkono wake ulipita chini ya goti la mumewe ukasukuma, na blanketi likainuka juu.

"Safi sana," daktari alisema. Simu yake ilikuwa inaita, wodi nyingine wanamtafuta. "Basi tunaendelea na dripu." Akampigapiga mgonjwa begani, akaondoka na kundi lake.

Mke alisubiri mumewe amkaripie, au amshukuru. Badala yake Ngongoti alimgeukia, macho yanang'aa.

"Umeona? Umeniona? Nimeuinua!"

Mumewe hakuwa amesikia mkono. Aliliona blanketi likipanda akajua ni nguvu zake, kwa maana kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na kitu cha kumwambia vinginevyo. Tayari alikuwa anapapasa simu, anampigia shemeji yake kumwambia gereji imekubali. Alicheka kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka naye bila kujua kisa.

"Nimeona," mke alisema.

Dripu ya pili ikaingia. Kabla haijaisha mguu wa kulia nao ukaenda. Mkojo ukafunga, tumbo likawa gumu, muuguzi akaja kumwekea mpira. Ngongoti hakutikisika. "Si uliinuka? Hizi ni panda shuka tu, mke wangu. Kilichoinuka kimeinuka."

Asubuhi iliyofuata, muuguzi alipokuwa anatundika dripu nyingine, mke alitoka wodini akamkimbilia daktari kwenye ngazi.

"Daktari, ule mguu hakuuinua yeye."

"Mguu upi, mama?"

"Wa jana. Niliuinua mimi. Mkono wangu ulikuwa chini ya blanketi."

Daktari alimtazama kama hajamwelewa, kisha uso ukabadilika. "Baada ya dripu ya kwanza miguu ilikuwaje?"

"Ilizidi. Alikuja hapa anatembea."

"Na ya pili?"

"Sasa hana miguu."

Mke alitamani afokewe. Daktari hakumfokea. Aliondoka mbio, mtu mzima yule, koti linapepea, akaichomoa dripu kwa mikono yake mwenyewe na kuitupa. Kisha akaenda kwenye chumba cha kusomea picha, na mke akamfuata kwa sababu hakuna aliyemzuia. Alisimama mlangoni akimwangalia daktari akiusogeza uso mpaka karibu kugusa kioo cha kompyuta. Nyuma ya uti wa mgongo wa mumewe palikuwa na vidoa vyeusi vidogovidogo vinavyofuatana. Kwa macho ya mshonaji vilifanana na uzi unaojikunja chini ya kitambaa wakati juu mshono unaonekana umenyooka.

"Hivi hapa," daktari alisema polepole. "Vilikuwepo tangu picha ya kwanza. Nilivipita."

Akamweleza. Mshipa unaopeleka damu umejiunga na mshipa unaoitoa, mahali ambapo haikupaswa kukutana, na madaktari wengi huzeeka bila kumwona mgonjwa wa namna hiyo. "Ni sawa na mtu aunganishe bomba la maji ya kasi kwenye bomba la maji machafu la nyumba. Maji hayatoki tena. Nyumba inafurika kutokea sakafuni. Uti wake umefurika, unakosa pumzi."

"Na dripu?"

"Kwa ugonjwa niliodhani, ni dawa. Kwa huu, inazidisha mafuriko. Dalili kubwa ya kuutambua ndiyo hiyo, kwamba ukimpa dripu hii anazidiwa." Akageuka kutoka kwenye kioo. "Ningejua jana asubuhi, ningeisimamisha jana asubuhi."

Mke alishika fremu ya mlango.

"Na ningefunua blanketi ningejua," daktari aliongeza, akijifuta uso kwa kiganja. "Nani anapima mguu juu ya blanketi? Hilo ni langu, mama. Sitalikimbia."

Alikuwa amejitwisha sehemu yake kiungwana. Sehemu ya mke ilibaki palepale ilipokuwa, na hakuna mwingine wa kuibeba.

"Usimwambie habari ya mkono," mke alisema.

"Sitamwambia, ila akiniuliza sitamficha. Hilo ni la kwenu wawili."

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Walimpitishia mrija kwenye kinena na kumwaga dawa ya kuonyesha mishipa, wakaupata mshipa mkorofi, na daktari wa upasuaji wa mgongo akaufunga. Alitoka chumba cha upasuaji ameridhika. Ugonjwa hautapanda tena, alisema, mikono na kifua vimesalimika. Ila uti uliokwisha kufa hakuna anayeufufua. Wasubiri, lakini wasisubiri sana.

Ngongoti aliposimuliwa hayo alishika neno moja tu, wasubiri. Akahamishiwa wodi ya mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mwanamke wa makamo asiye na maneno ya kupamba, naye alitaka kumfundisha mambo ya mtu ambaye hatatembea: kuhama kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu kwa nguvu za mikono, kujigeuza kila baada ya muda, kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira. Ngongoti alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, na hakufanya hata moja. Alikuwa na kazi yake. Kila kulipokucha alilitazama lile goti la kushoto na kuanza kulisukuma kwa akili, saa nzima nzima, amelala chali, mpaka shuka linalowa jasho.

"Kiti ni cha wasiotembea, dada yangu," alimwambia mtaalamu akitabasamu. "Mguu huu uliinuka nikiwa mgonjwa kabisa. Leo mshipa umefungwa, utashindwaje? Mwulize mke wangu. Aliona kwa macho yake."

Mtaalamu akamtazama mke. Mke akaangalia chini.

Kulala chali kulizaa kidonda chini ya mgongo. Kilianza kwa wekundu, kikafunguka, kikachimba. Yule daktari mtu wa watu alikuja akakitazama, akaagiza dawa ya kukiosha. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyesema ukweli, koridoni, akiwa anavua glavu.

"Mama, anakataa kugeuka, anakataa kukaa, anasubiri mguu. Akiendelea hivi kidonda hiki ndicho kitakachomzika, wala si mgongo. Nimeona wengi. Kuna kitu kinamshikilia pale na mimi sikijui."

Mke alikijua. Alisimama pale koridoni mpaka mtaalamu akaondoka, kichwani anatafuta njia ya kuzunguka, na njia ya kuzunguka haikuwepo. Angekaa kimya azike mume anayetumaini. Angesema, abaki na mume anayejua. Alijiona mchafu kwa kupima mambo hayo kama anapima kitambaa.

Alipoingia, Ngongoti alikuwa amefunua blanketi. Miguu yake mirefu ilikuwa imekonda, magoti yamebaki makubwa. Alifurahi kumwona.

"Afadhali umekuja. Nimepata wazo. Njoo ukae pale ulipokaa siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku mguu ulipoinuka! Ulikaa hapa, upande huu. Nadhani ulinitia nguvu. Kaa, nijaribu tena."

Akakaa. Ngongoti akashika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, midomo ikabana, kidevu kikaanza kutetemeka. Ilikuwa ileile sura, na mke hakuweza kuivumilia mara ya pili.

"Baba watoto, acha. Ulikuwa mkono wangu."

"Ee?"

"Siku ile. Hukuinua wewe. Nilisukuma mimi chini ya blanketi, kwa sababu walikuwa wanakutazama. Nikaona unafurahi. Nikashindwa kusema."

Alimtazama asielewe, kwa tabasamu la mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Basi mke akafanya kitu pekee kilichobaki. Alipitisha mkono chini ya goti, mchana kweupe, pasipo blanketi, akasukuma. Mguu ukapanda. Ngongoti akauona ukipanda, akauona mkono, na uso wake ukaanza kuzeeka palepale mkewe akiutazama.

Kisha Ngongoti akasema, kwa sauti ya chini, "Niliwapigia watu simu."

"Najua."

"Niliwaambia wote kwamba nimeuinua."

"Najua, mume wangu. Nisamehe."

Ngongoti alifumba macho, machozi yakapita pembeni kuelekea masikioni, na hakuyafuta. Mkono wa mkewe ulikuwa unauma kwa uzito, ila hakujua afanye nini nao.

"Umeshaushusha?" Ngongoti aliuliza, macho bado amefumba.

"Bado. Nimeushika."

Akavuta pumzi, akatulia kana kwamba anasikiliza. "Ushushe," alisema.

Akaushusha taratibu mpaka ukalala kwenye shuka, akautoa mkono.

"Tayari," alimwambia.