Ngumi Kati ya Tairi na Bodi

Luhende alilala chali chini ya pikapu, mgongo juu ya changarawe ya gereji ya Buswelu, akishikilia springi ya nyuma ili Venant fundi akaze nati. Kutu ilimwangukia machoni. Yeye alikuwa dereva, si fundi, lakini Venant alikuwa peke yake na bosi alishasema gari analitaka asubuhi hiyo hiyo.

Springi zilikuwa zimelala kabisa. Gari kuukuu lilitembea limekalia matako, pua juu, usukani mwepesi kama wa kuchezea. Kila alipoteremka mlima kuelekea kiwanda cha minofu ya sangara, Luhende alibana pumzi mpaka chini. Ndiye aliyeomba litengenezwe. Aliomba, akabembeleza, akanyamaza, akaomba tena.

"Nimeongeza pande la springi ya lori kila upande, kama alivyotaka mwenye gari," Venant alisema. "Litanyanyuka. Ila breki ni zile zile za pikapu, kaka. Usije ukadanganyika."

Jeki ikateremshwa. Gari likasimama, mkia juu kama jogoo! Luhende akacheka peke yake. Kwa nini asicheke? Siku hiyo angeteremka mlima akiwa na usukani mkononi.

Ndalahwa, mwenye gari, alifika akiwa na funguo za gari lake jingine kidoleni. Kwa umri Luhende alikuwa kaka yake kabisa, lakini ndiye aliyewahi kuamkia.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba." Ndalahwa hakugeuka. Alikuwa anatazama nafasi iliyopatikana juu ya tairi. "Sasa hili ni gari."

"Bosi, fundi anasema mzigo usiongezwe. Breki..."

"Fundi? Hili gari la fundi?" Akamtazama Venant, na Venant akainama kuokota spana. "Luhende, mlipopunguzwa pale kiwanda cha pamba, madereva mlikuwa wangapi?"

"Wengi, bosi."

"Basi wananigongea geti kila kukicha. Nenda mwaloni."

Luhende akaenda.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hakuna mzani. Wapakiaji wana kipimo chao, na hakuna anayekumbuka kilianzishwa na nani: mmoja anachuchumaa, anaingiza ngumi kati ya tairi na bodi. Ngumi ikipita, leta samaki. Ngumi ikigoma, mzigo umetosha, funga turubai. Kwa springi zilizolala, ngumi iligoma mapema, na hiyo ndiyo iliyokuwa salama ya Luhende bila yeye kujua.

Siku hiyo matenga ya sangara yalipangwa, barafu ikamwagwa, matenga mengine yakapanda juu yake. Ngumi ikapita.

"Inatosha jamani!" Luhende alipiga kelele.

"Inatosha vipi na tairi liko kule?" Ngosha, msimamizi wa wapakiaji, aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, wenzake wakaangua kicheko. "Leo umekuja na lori, mzee! Pakia!"

Wakapakia mpaka ngumi ikagoma. Wakati huo matenga yalikuwa yamepita paa la kichwa cha gari.

Bernadeta, mke wa Luhende, alikuja mbio na ndoo yake. Kila siku alipanda juu ya mzigo mpaka geti la kiwanda, akapange foleni ya mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishapelekwa kupanda ndege. Ndiyo mboga yao.

"Mama Selina, leo usipande."

"Nisipande kwa nini, Baba Selina? Nikichelewa naambulia mapezi. Wanao nitawapikia mapezi?"

Mkewe alishaweka mguu kwenye tairi.

Mlimani gari lilianza kuteremka vizuri, usukani mzito, mtulivu. Akakanyaga breki. Ikashika kidogo. Akakanyaga tena, mguu ukazama mpaka chini. Akatafuta gia ndogo, ikakataa kwa kelele. Mbele kulikuwa na akina mama wa sokoni na mizigo kichwani. Mungu wangu! Akalikata gari kushoto, kwenye miamba.

Alipofungua macho, sangara walikuwa barabarani. Bernadeta alikuwa kati yao, mguu umekunjika pasipokuwa na goti. Alikuwa anaita jina la Selina.

Ndalahwa alifika na gari jingine na wapakiaji.

"Bosi, tumwahishe hospitali!"

"Anapumua?"

"Anapumua, lakini..."

"Gari litarudi kumchukua. Barafu inayeyuka, Luhende. Kiwandani wakikataa huu mzigo, utanilipa wewe?" Akawageukia wapakiaji. "Haraka! Hata hao wa chini, osheni!"

Tenga baada ya tenga, samaki wakahama, na kwa kila tenga lililotoka, mkia wa pikapu ulipanda. Gari lililojaa samaki likaondoka, na Ngosha juu yake, uso kaugeuzia mbali.

Trafiki alipofika, pikapu ilikuwa tupu, pua kwenye mwamba, matako juu.

"Afande, walizidisha mzigo!" Luhende alisema. Alikuwa amepiga magoti, amekusanya barafu iliyobaki barabarani, anaibandika kwenye paja la mkewe.

"Mzigo upi?" Ndalahwa aliuliza kwa upole. "Springi nimeweka leo hii, afande. Fundi yupo Buswelu, kamuulize. Gari langu limesimama vile, angalia mwenyewe."

Trafiki alichuchumaa. Akaingiza ngumi kati ya tairi na bodi. Ikapita. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauzungusha humo ndani, haukugusa kitu.

"Gari zima hili," alisema akijifuta kutu. "Dereva, lete leseni."

Luhende alitoa mkono mmoja kuitafuta mfukoni. Mwingine aliuacha palepale, kwenye barafu, na maji mekundu yalikuwa yanapita katikati ya vidole.