Kikwembe ya Zabibu mu Kinga ya Mazoezi

Mu mutaa ya Kamalondo yote hakuna mwanamuke wa miaka makumi saba na moja mwenye anapiga kinga kilomita kumi kila asubuhi. Ni mimi peke yangu. Muulize muntu yeyote. Ni kweli kinga yenyewe ni ile baiskeli ya mazoezi, imesimama mu salon kati ya televizyo na frigo, haijafika hata ku mulango tangu siku banaileta. Na zile kilomita kumi nilizihesabu mimi mwenyewe, kwa sababu kioo yake ya kuhesabia ilikufa zamani. Tuseme mbili. Tuseme moja, na kikombe ya chai mu mukono.

Tena kinga si yangu. Ni ya Zabibu, dada ya marehemu bwana yangu Yuma. Ni mu nyumba yake ninalala tangu Yuma alikufa. Zakari, mutoto yake mwanaume, alimununulia ile kinga siku daktari aliona sukari mu damu yake. Zabibu alipanda mara mbili. Mara ya tatu akaanikia taulo. Mimi ninapanda kama yeye hayuko.

Ile alhamisi alikuwa Kasenga, kutafuta samaki ya ndoa ya binti yake Rachida. Ndoa ilikuwa jumamosi. Na mu valizi yake, chini ya kitanda, ilikuwa kikwembe mpya, kitenge ya kufunga ku kiuno, yenye angevaa siku ile: bulu kali, na maua meupe, super ya Holande, ile ya bei kubwa, kwa maneno yake mwenyewe. Kamalondo nzima ilishasikia habari ya ile kikwembe, na hakuna muntu alishaiona ku mwili. Mimi nilitaka kuona tu vile inaanguka ku kiuno. Nikaifunga. Ilianguka vizuri. Nikapita mbele ya kioo mara moja, nikarudia. Na kinga ilikuwa pale pale, na saa yangu ya mazoezi ilikuwa imefika.

Nilikanyaga dakika kumi, ao kumi na mbili. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto ilikuwa imetukamata shingo, jasho ilinishuka mpaka mu visigino. Kisha kinga ikanivuta.

Haikuvuta muguu, ilivuta kikwembe. Upindo wake uliingia mu nafasi ndogo kati ya mukono wa pedali ya kushoto na kifuniko ya plastiki, ukajizungusha mule ndani mara tatu, mara ine, mbele nisimamishe miguu. Kikwembe ikakaza ku paja. Fundo ya ku kiuno ikakuwa ngumu kama mbegu ya embe. Kushuka, hapana. Kuvua, hapana. Nikavuta kidogo, nikasikia uzi moja unalia. Nikaacha.

Sasa musikie kwa nini sikucheka, mimi mwenye ninacheka hata ku kilio. Mwezi uliopita nilivaa viatu ya Zabibu bila kumuambia, nikavunja kisigino. Zabibu hakupiga kelele. Alisema mbele ya batoto yake bote, polepole:

— Mama Jephté, siku moya tena ushike kintu yangu bila kuuliza, nitakupandisha gari ya Mitwaba, urudi kwenu.

Zabibu akipiga kelele, ni maneno tu. Akisema polepole, anafanya. Na mimi Mitwaba niko na nani? Niko na makaburi ine na nyumba bila manjanja, bila hata bati moja. Jephté, mutoto yangu, iko Afrika ya Kusini, simu yake haiingii, huu ni mwaka wa tatu. Kama ile kikwembe inapasuka, jumamosi bantu banakula wali ya ndoa, mimi niko mu vumbi ya njia, nimekaa juu ya mizigo.

Niliita Rachida. Akatoka mu chumba, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama fagio.

— Tantine! Ile si ya Mama?

— Ndiyo, njo yake. Punguza sauti.

— Atakuua.

— Haniue, atanirudisha Mitwaba. Kusanya makasi yote ya hii nyumba, uyafiche, muntu asipate mawazo. Kisha uniitie Guelor.

Guelor ni fundi ya mapikipiki ku kona ya avenue yetu. Alikuja na boksi yake ya vyombo, akanikuta nimekaa kule juu kama chefu ya kijiji, magoti imefunikwa na taulo. Rachida alinifunika mbele ya kumufungulia mulango. Heshima ni heshima.

— Maman, unaenda wapi hivi?

— Likasi. Chuchumaa uangalie.

Akachuchumaa, akamulika na simu, akavuta mudomo.

— Iko mubaya. Imejifunga ndani, ku chuma ya katikati. Nikate kipande kidogo tu, kama kidole.

— Kata kidole yako.

— Maman, kukata ni dakika moya. Kufungua kinga yote ni kazi, na mi sijafungua ya namna hii hata siku moya.

Mbele nimujibu, simu ya Rachida ikalia. Zabibu. Sauti yake ilijaa mu salon kama alikuwa anasimama nyuma ya frigo.

— Rachida! Tumeshaingia mu muji, tuko ku route Kasenga. Samaki njo hii, katoni tatu, nzuri! Mama Jephté iko wapi?

Rachida akaniangalia.

— Iko juu, Mama.

— Juu wapi?

— Juu ya kiti.

— Aweke maji ku moto, ninafika.

Ikakatika. Nusu saa. Kama magari imejaa kule njiani, dakika makumi ine.

— Fungua, nikamuambia Guelor.

Akaanza na pedali, kwa sababu mukanda yake ilikamata muguu yangu pamoja na kikwembe. Akatia kle, spana yake, akavuta namna banafungua buloni yote ya dunia. Haikutoka. Akavuta tena, na mabega yote, na pedali ikazunguka na mukono wake, na kikwembe ikamezwa tena vidole viwili. Uzi wa pili ukalia. Safari hii tuliusikia bote batatu.

— Acha! Unafunga, haufungue. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kufunga.

— Nani alikuambia?

— Yuma. Miaka makumi tatu alitengeneza kinga ku soko, na mimi pembeni ninamupa kle. Ku upande wa kushoto kila kitu iko kinyume, kama mukwe mwenye amelewa. Geuza.

Aliniangalia kama muntu anaangalia mbuzi yenye imesema kifaransa. Lakini akageuza. Pedali ikatoka.

Basi kazi ikaenda hivyo: mimi juu ya kiti ninatoa amri, Guelor ku magoti, Rachida amekamata kikwembe na mikono yote mbili ili isivutwe tena. Buloni ya katikati ikatoka bila shida. Mukono wa pedali wenyewe, hapana, uligandama. Kuko chombo ya kuuvuta, Guelor hakuwa nayo. Yuma naye hakukuwaka nayo.

— Weka kipande ya mbao kwa nyuma, upige na nyundo. Si nguvu. Mara mingi.

Alipiga. Kila pigo ilipanda mu mufupa wa kiuno ikaishia mu meno. Nilihesabu makumi mbili na saba. Ya makumi mbili na nane, mukono ukaanguka ku sakafu ya sima, na inje klaxon ya gari ikapiga. Hakuna muntu alipumua. Klaxon ikapita, ikaenda kulia mbele ku ingine parcelle, kwa jirani.

Ikabakia kifuniko ya plastiki. Visi sita, zile skrubu ndogo. Tano zikatoka. Ya sita kichwa yake ilikuwa imekulika, turnavisi ikawa inacheza tu mule ndani. Jasho ya Guelor ilianguka ku sima, to, to. Nikamuambia avunje ile kona ya plastiki, plastiki haina ndugu mu hii nyumba. Akavunja. Kifuniko ikafunguka, na tukaiona kikwembe, imejiviringa ku chuma kama uzi ku kibobo ya cherehani, na grési nyeusi iko inaingoja pale pembeni.

— Sasa rudisha nyuma, polepole.

Alizungusha ile chuma na vidole. Duara ya kwanza ikajifungua. Ya pili. Ya tatu. Ya ine ikakataa: uzi moja ulikuwa umeshikwa mu ufa ya chuma, na kila vile anageuza, unakaza. Guelor akasema tena lile neno la kukata.  Rachida akachomoa kitana mu nywele zake, ile yenye mukia mwembamba ya kusukia, akaingiza mukia mule mu ufa, akanyanyua ule uzi kama muntu anatoa mwiba mu muguu ya mutoto. Ukatoka.

Nzima! Kipande ya grési ku upindo, kwa ndani, basi. Rachida alifungua fundo na meno. Guelor aliangalia ukuta bila kuambiwa, ni mutoto wa muntu, balimulea. Nikafunga kikwembe yangu ya zamani, ile yenye imechoka kuliko mimi, tukakunja ya Zabibu, tukairudisha mu valizi, valizi chini ya kitanda. Nilikuwa ninarudi mu salon wakati mulango ulifunguliwa na katoni ya samaki ikaingia, na Zabibu nyuma yake.

— Eh! Kinga yangu munaichinja?

— Pedali ilikuwa inalia, Mama Rachida. Nilisema, anarudi amechoka, akute kintu yake muzima. Njo niliita Guelor.

— Inalia namna gani, na hakuna muntu anaipandaka?

— Inalia yenyewe. Panya, kama haiko joto.

Alituangalia moja moja. Guelor aliokota visi zenye alishaokota. Rachida alijifunga kichwa na kitambaa.

— Na ku valizi yangu hakuna muntu aligusa?

— Valizi gani? Mimi hata sijui unaiwekaka wapi.

Akaangalia mulango wa chumba. Kisha akashusha katoni.

— Bon. Niletee maji, ninakufa na kiu.

Nilipumua. Nikaenda kutafuta maji, na kwa sababu pale chini kulijaa vyuma na plastiki, nikapandisha kikwembe mpaka ku magoti, nikaruka.

Bote bakaangalia chini. Nikaangalia chini kuona nimekanyaga nini. Sikukanyaga kitu. Ilikuwa miguu yangu. Kutoka goti mpaka kifundo ilikuwa bulu, bulu kali, kama niliogelea mu wino.

— Mama Jephté, Zabibu akasema. Polepole. — Miguu yako imepata nini?

Nilishusha kikwembe haraka.  Niliiona gari ya Mitwaba, niliona hata nafasi yangu, kule nyuma, juu ya magunia.

Guelor, mwenye anapenda kusaidia bantu, akajibu mu nafasi yangu.

— Ni ile kikwembe, Maman. Inachuja rangi. Angalia hata mikono yangu, chini ya grési.

Rachida akafungua mikono yake, yeye pia. Vidole kumi, bulu. Akaiangalia sana. Kisha akamuangalia mama yake.

— Mama. Si ulisema ni super ya Holande? Si uliambia bamama ya ku bukwe banaweza kuitokosha mu sufuria, haichuje?

Zabibu alikaa juu ya katoni ya samaki. Aliangalia mutoto yake, akaangalia Guelor, mwenye anatengeneza mapikipiki ya mutaa muzima na anaongea na kila pikipiki. Akaniangalia mimi. Nilimufungulia macho vizuri, aone niko na kinywa mimi pia.

— Ni jasho ya Mama Jephté, akasema. Iko na asidi.