Mke wa Siraje Anapiga

Siraje alikuja na polisi nikiwa nachambua mchele, na hilo peke yake lilinichefua. Mwanaume aliyekula pilau ya harusi yake sebuleni kwangu anaingia na askari bila hata kubisha hodi.

Mimi ni Kaltumi, kungwi wa mabibi harusi wa Kinubi hapa Kabalagala, Kampala. Nawafunda kabla ya ndoa, na wakishaolewa hatuachani. Zamani walikuja kukaa mkekani. Siku hizi wananitumia sauti za WhatsApp. Mmoja analia, mwingine anauliza ya chumbani, mwingine anaeleza alivyopigwa. Sauti zote hizo zimo ndani ya simu yangu, na sijawahi kumsikilizisha mtu, hata dada yangu wa tumbo moja.

Polisi alijitambulisha kuwa ni afande Oryem. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko makelele. Alieleza kwamba Siraje, rafiki yake, amenishtaki: natumia simu kuvunja ndoa yake, na kwa sheria ya mtandao hilo ni kosa. Mkewe, Zahara, ameondoka nyumbani na simu za mumewe hapokei. Wao wanataka kusikia tu aliyoniambia.

Aliyoniambia niliyajua vizuri. Alfajiri alinitumia sauti kwamba Siraje amemchoma mkono kwa pasi, na anakimbilia kwa mjomba wake visiwani. Nilimjibu aende, asimuage mtu. Wakiisikia sauti ile watamkuta njiani, na nilimjua Siraje vya kutosha kujua kitakachofuata.

"Fungua simu, mama," Oryem akasema. "Mimi sitaki maneno mingi."

"Una karatasi ya korti?"

Wakili mmoja mwanamke aliwahi kuja kuzungumza na kina mama msikitini, akatuambia polisi hawaruhusiwi kupekua simu ya mtu hivi hivi bila amri ya korti. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilishika hilo moja. Oryem akamtazama Siraje, Siraje akatazama sakafu. Karatasi hawakuwa nayo. Nikaanza kuamini kwamba wataondoka.

Ndipo simu ikaita. Ilikuwa mezani, mbele yetu sote, na kioo kikaonyesha maneno yaliyosomeka hadi mlangoni: Mke wa Siraje.

Kwetu mwanamke akishaolewa haitwi ovyo kwa jina lake. Ni adabu. Kwa hiyo kila ninayemfunda, siku ya harusi nafuta jina lake kwenye simu na kuandika la mumewe. Nilijiona mstaarabu kweli. Mtu mwingine yeyote Kampala hii angeandika Zahara, na Zahara wako wengi.

"Hiyo jina yangu," Siraje akasema. "Basi hata simu ni yangu."

Kupokea simu hakutaki namba ya siri. Aliinyakua, akapokea, akaweka sauti ya nje, akanyamaza. Na Zahara, niliyemfundisha mwenyewe kwamba msafiri akifika lazima aarifu, akaarifu. Alisalimu, akasema amefika Ggaba, mashua bado inapakia, amekaa karibu na wauza samaki. Nilipiga kelele akimbie, lakini Siraje alikwisha kata. Akamtupia Oryem simu, akatoka, na nikasikia pikipiki yake ikiwaka.

Kutoka kwetu hadi Ggaba barabara ni moja, tena si ndefu.

Nilimwomba Oryem simu yangu. Aliishika kiganjani, kioo kimeshajifunga. Namba ya Zahara sikuijua kichwani. Nani siku hizi anakariri namba? Nilimweleza habari ya pasi, habari ya mkono, nikamwambia kama ana binti amfikirie huyo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Taja namba ya siri, mama," akasema. "Yule ako na pikipiki."

Nimewahi kuchukia watu, lakini si kwa kiasi kile. Niliwafikiria wanawake wote waliomo mle ndani. Nilimfikiria Zulaikha, aliyeniambia jambo kuhusu mtoto wake wa kwanza ambalo mumewe halijui. Halafu nikaitaja.

Aliibonyeza, akapiga, akanishikia simu sikioni bila kuiachia. Iliita karibu ikatike. Zahara alipopokea nilimwambia mumewe yuko njiani, apande chochote kinachoondoka sasa hivi, hata mtumbwi wa samaki.

"Amejuaje?" akaniuliza.

Nilimwambia panda, mwanangu, panda. Nikasikia injini, na mtu akimwambia alete mkono. Aliguta kwa maumivu. Nadhani alitoa ule uliochomwa. Kisha akasema amepanda na wameachana na nchi kavu.

Nililia pale pale, mbele ya polisi, bila haya. Oryem alimshukuru Mungu, na naamini alimshukuru kweli. Kisha akaitia simu yangu, ikiwa bado wazi, katika mfuko wa shati lake. Nilimkumbusha kwamba karatasi ya korti hana.

"Umefungua mwenyewe, mama," akasema. "Kwa hiari yako. Mimi nitaandika hivyo."

Zahara yuko kwa mjomba wake, mzima; wavuvi wameniletea habari. Ningeulizwa tena, ningeitaja tena. Lakini tangu asubuhi hii napita nyumba kwa nyumba, hapa Kabalagala mpaka Bugolobi, kuwaambia wanawake kwamba sauti zao, kila moja na jina la mume juu yake, ziko mfukoni kwa rafiki wa Siraje, na sijui atazisikilizisha waume gani.

Nilianza kwa Zulaikha. Alinifungulia mlango akitabasamu, amefurahi kuniona. Mumewe alikuwa nyuma yake, ameshika simu sikioni, na alikuwa anasikiliza tu, hasemi kitu.