Ami Alivyoupima Umbali wa Frankfurt

Niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Ami Abdulrahim, ndugu wa marehemu baba, ameendesha gari la watalii hapa Diani miaka kumi na mmoja. Kazi yake ni kuipokea ndege ya Wajerumani uwanja wa Mombasa. Wageni hula chakula cha jioni Frankfurt, wakalala angani, na asubuhi yeye huwapakia na masanduku yao. Kilomita elfu sita na zaidi, saa nane na nusu, basi. Hilo analijua kama anavyoijua njia ya msikitini.

Mama alifariki nyumbani Mwabungo, Alhamisi alasiri, mwaka wa tisini na nane. Nilikimbilia hotelini ninakofanya kazi ya udobi, nikampigia simu dada yangu Hasina huko Frankfurt. Alilia, akakata. Baadaye akapiga yeye: mumewe amempatia kiti katika ndege ya usiku uleule.

"Saa mbili na nusu asubuhi nitakuwa Mombasa. Mishi, nakuomba, nimwone uso tu."

Uso tu. Kwetu wanawake hatwendi makaburini. Jeneza likishatoka mlangoni, umeshaagana naye.

Wala hakuomba makubwa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na kila mtu alitaraji mama aswaliwe baada ya swala ya Ijumaa, watu wakiwa wengi. Lakini wanaume walipokaa barazani, Ami alijikohoza.

"Maiti haicheleweshwi. Tutazika saa tatu asubuhi."

"Ami, niwie radhi," nilisema nikiwa mlangoni. "Hasina yuko njiani. Kufika saa tano atakuwa hapa."

"Saa tano ya siku gani? Mimi nimekwenda kuhiji. Hapa na Jeddah tu tulichukua siku mbili. Na huko Frankfurt ni mbali zaidi!"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nani ambishie Haji? Nami niliyejua nikaambiwa niende jikoni. Tangu Hasina aolewe na Mjerumani bila ya idhini yake, Ami alikuwa hataki hata jina lake litajwe, na sasa alikuwa amepata pa kumtia adabu.

Saa tatu wakamtoa mama.

Saa tano kasorobo gari la watalii likasimama nje. Akashuka Hasina, buibui amelivaa juu ya sweta. Dereva, Fondo, akawaendea wanaume waliokwisha kurudi kutoka makaburini.

"Poleni sana, wazee. Mzee Abdulrahim, pole. Jana uliponiomba nikushikie zamu ya ndege ya Frankfurt ya leo asubuhi, sikujua kama nitamleta mtoto wenu."

Mzee Sefu akaweka kikombe chini.

"Haji, hizo siku mbili ziko wapi?"

Ningependa kusema kwamba Ami alitubu. Aliomba maji.

Hasina hakuyasikia hayo. Alinivuta chumbani, tukakaa kwenye kitanda cha mama.

"Nieleze, Mishi. Uso wake ulikuwaje?"

Nikafungua kinywa. Wallahi, uso wenyewe sikuukumbuka. Wenzangu walipokuwa wakimuaga mama, mimi nilimtupia jicho mara moja tu, nikarudi mlangoni kuitazama barabara, nikimngoja yeye.