Namba ya Baba

Linet alikuwa akiandikisha akina mama wajawazito katika kliniki moja ya Bungoma, ili watumiwe ujumbe wa afya kwa simu kila wiki. Nekoye hakuwa na simu. Alitoa namba ya mumewe, Mukhwana, anayepakia magunia ya mahindi kwenye stoo Kitale. Linet akaiandika. Mradi ulitaka watu, na wengi waliomtangulia Nekoye kwenye foleni nao walitoa namba za waume.

Ujumbe wa kwanza ulimkuta Mukhwana akinywa chai. "Mama, mwezi huu unaweza kuchukia harufu ya vyakula." Akaisukuma chai kando. Ujumbe uliofuata ulisema miguu inaweza kuvimba, na jioni viatu vikamkataa. Wapakiaji wenzake walimletea kandambili na kumwachia magunia mepesi, kama ambavyo wangemfanyia yeyote mwenye hali hiyo. Kila ujumbe ulimalizia kwa kumwuliza anaendeleaje, naye, kwa kuwa uungwana ni vitendo, alijibu. Nekoye alivimba miguu vilevile, ila yeye hakuambiwa kitu.

Asubuhi moja simu ililia tena. "Mama, kichwa kikiuma sana na ukiona nyota nyota, usingoje. Nenda hospitali." Mukhwana alitua gunia. Kichwa kilikuwa kikimpasuka na stoo nzima imejaa nyota. Aliogopa, tena sana. Wenzake wakamwitia bodaboda.

Daktari Rotich alimpima presha, akampima tena.

"Iko juu vibaya, lakini hii si yako," alisema. "Ni ya mama mjamzito. Mwenyewe ako wapi?"

"Ako nyumbani, Bungoma."

"Na simu yake?"

"Si ndio hii niko nayo."

"Basi pigia jirani, bana! Unangoja nini?"

Jirani, Mama Emmy, alimkuta Nekoye ameshika ukuta wa jiko.

"Ni jua tu," Nekoye alisema.

"Jua gani, na bwana yako anaumwa na kichwa chako huko Kitale? Panda pikipiki."

Walifika hospitali kabla kifafa cha mimba hakijamwanza. Alasiri akazaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuuza sokoni. Dakika hiyohiyo kichwa cha Mukhwana kiliacha kuuma na miguu ikanywea. Alikuwa amesharudi stoo, na hapo akajua mtoto amezaliwa; alikaa juu ya magunia akalia kwa furaha mbele ya watu, bila aibu yoyote, kisha akaomba chai.

Mradi ulimtangaza Mukhwana kuwa mama mwaminifu kuliko wote, kwa kuwa wengine waliacha kujibu njiani. Walimtuza leso. Alimpelekea Nekoye, ikampendeza sana. Simu alirudi nayo Kitale.

Mtoto wao, Nabwile, alipoanza kutembea, Nekoye alisimama tena mbele ya Linet na tumbo jingine.

"Namba ya simu, mama?"

"Ni ile ya baba."

Linet akaiandika. Jioni Nekoye aliazima simu ya Mama Emmy.

"Baba Nabwile," alisema, "wale watu wa ujumbe wameniandika tena. Tafuta viatu vikubwa."