Niliiambia Nina Watatu

Saa moja asubuhi niliandika kwenye kundi la WhatsApp la kata yetu, Sauti ya Choma: "Jamani, ng'ombe wangu wanakohoa. Niliuliza akili mnemba ya kwenye simu, ikasema huenda ni vumbi, nimtenge mgonjwa nisubiri siku nne. Nimesubiri. Jana maksai wangu mmoja alikufa. Nani anaujua ugonjwa huu?"

Mvua zilikuwa zimekaribia, na maksai mmoja halimi peke yake.

Hadi saa tano kulikuwa na ujumbe mia mbili. Mwalimu Elieza, jirani yangu ninayenywesha naye mifugo kwenye lambo moja, aliandika: "Haya ndiyo matokeo ya kuabudu mashine." Omari, kijana wetu aliyeko Dar es Salaam, akajibu: "Mwalimu, wewe hata simu unawashiwa na mjukuu." Elieza akasema mashine hizo zitafuta kazi ya ualimu. Omari akauliza, kazi gani? Mtu akaleta video ya roboti anayecheza ngoma. Mwingine akaleta namba ya shetani, 666. Bernardo akauliza nani anauza beberu, akatukanwa kwamba anavuruga mjadala.

Mjadala! Mimi niliishia darasa la nne, lakini nimeshawahi kuona watu wakijadiliana. Huanza kwa kuuliza kilichotokea. Hawa hakuna hata mmoja aliyeuliza ng'ombe walianza kukohoa lini. Maksai wangu walimgeuza fimbo ya kuchapana.

Nikampigia Adelina, afisa mifugo wa kata. Alikuja na pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakunihubiria dunia inakokwenda. Aliweka sikio kwenye kifua cha ng'ombe, kisha akauliza, "Hiyo simu uliiambia una ng'ombe wangapi?"

Nikajifanya nakaza kamba ya lango.

"Mzee Jilala."

"Watatu. Mmoja anakohoa."

Akatazama zizi. Walikuwa thelathini na mmoja, sita wamenyoosha shingo wakitafuta pumzi.

"Sasa kwa nini, baba?"

Kwa nini! Kwetu nani humwambia mgeni idadi ya ng'ombe wake? Baba yangu alimpunguzia kila aliyeuliza. Mimi nikaipunguzia hata mashine.

"Naona ni homa ya mapafu," akasema. "Nitachukua vipimo. Zizi lisifunguliwe. Na wote wanaonywesha kwenye lambo lile wafunge mifugo yao. Leo, si kesho."

Nikaandika kundini: "Niliidanganya simu. Nina ng'ombe thelathini na mmoja, sita wanaumwa. Afisa mifugo anasema ni homa ya mapafu, inaambukiza. Msipeleke ng'ombe lamboni." Idadi ile hata shemeji zangu hawakuwahi kuisikia.

Omari akadakia: "Mnaona? Mashine haina kosa, mtumiaji ndiye mbovu!" Elieza akajibu: "Ingekuwa na akili ingejua anadanganya!" Vikafuata vikatuni na vicheko, hadi ujumbe wangu ukapotelea huko juu.

Nikatia simu mfukoni nikaenda kwa miguu, boma kwa boma. Watatu wa kwanza walifunga mazizi papo hapo. Hakuna aliyeniuliza habari za roboti.

Boma la nne lilikuwa la Elieza. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, miwani puani, vidole vinakimbia.

"Karibu, Jilala! Ngoja kwanza nimmalize huyu Omari."

Nyuma yake, zizini, ng'ombe akakohoa. Mwingine akafuatia.

"Elieza, wamekohoa hivyo siku ngapi?"

"Nani?"

Nikamnyang'anya simu.

"Wewe! Una wazimu?"

"Ninao. Wangapi wanakohoa? Na usinipunguzie."

Alifungua mdomo anitukane. Ng'ombe akakohoa tena. Elieza akageuka, akavua miwani, akaenda hadi kwenye miti ya zizi, akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika saba akaanza upya.

Simu yake ilikuwa inalia mkononi mwangu, ujumbe juu ya ujumbe. Nikaizima.

"Endelea," nikamwambia.